Suruali Mbili za Nyani

Kambini, 3 Machi

Mke wangu Mama Pacha,

Kwanza salamu, pili habari, tatu suruali.

Salamu ni nyingi, gawana na pacha. Habari ni kwamba mimi mzima, ingawa kwa kazi hii mtu hajisifii uzima kabla ya jioni. Jana nilikuwa juu ya mnara wa bondeni, ule mrefu kuliko yote kwenye laini hii. Upepo unanipiga kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unapitisha kamba kwenye kapi, yale magurudumu tunayoning'iniza kwenye mabega ya mnara ili waya uteleze juu yake. Chini watu wote wameshika vichwa. Mnyapara akaniambia kwa redio, "Nyani, shuka, utatuua kwa presha." Nikacheka tu. Unanijua.

Kampuni imeleta mashine mbili kubwa za kuvutia waya na injinia wa kuzisimamia. Moja inakaa mwanzo wa laini, nyingine mwisho, na eti zenyewe ndizo zitavuta, mtu hatabeba tena kamba begani kupanda nayo milima. Zina turubai la kivuli na zina kiti. Nikuulize, mwanamume na akili zake akae kivulini kwenye kiti avute waya? Hiyo kazi wapewe wastaafu.

Tatu, suruali. Nimempa dereva wa lori la maji suruali zangu zote mbili za kazi. Zimechakaa kidogo nyuma. Fanya haraka, maana ovaroli za kampuni zimekuja saizi moja, ya mtu mwembamba, na hadi suruali zirudi mimi nimebaki na bukta na koti la mvua. Ongeza na kiuno. Si kwamba nimenenepa, ni kwa ajili ya hewa. Na ukiwa na kipande cha sponji, shona mto mdogo wa kukalia. Si wangu. Ni wa injinia, ana mgongo.

Mtandao bado hakuna. Tunapeleka umeme miji mizima, na simu zetu tunatazamia saa tu. Kwa hiyo tuzungumze kwa karatasi kama babu zetu.

Waambie pacha baba yao yuko juu.

Mumeo,
Nyani


Nyumbani, 10 Machi

Baba Pacha,

Barua zako siku hizi nazisoma nimekaa. Hii nilipofika pale pa mkono mmoja, niliiweka chini nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikakuta bado umeshika chuma kwa mkono mmoja. Unajua hali yangu. Tangu mdogo wangu wa kiume, Kamba, alipoanguka na kurudi nyumbani na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, mimi neno mnara silipendi hata likitajwa kwenye redio. Nimekuomba miaka yote utafute kazi ya chini. Umenijibu miaka yote kwamba nyani hafugwi bandani. Haya.

Pacha wazima. Mwalimu aliwauliza wazazi wao wanafanya kazi gani. Wa kwanza akasema baba anatembea juu ya waya, wa pili akasema bila viatu. Wamekuchora umesimama kwenye ncha ya mnara na mikono umeitandaza, na picha imebandikwa ukutani darasani. Mkubwa ameandika hapa chini. Mdogo hakuandika, ana mafua.

Sasa kuhusu suruali. Mimi ni fundi, na swali langu ni la kifundi. Suruali ya mpanda minara huisha magotini na ndani ya mapaja, pale panaposuguana na chuma. Nimeitia viraka hapo tangu tuoane. Safari hii magoti ni mapya, yana hadi mstari wa pasi niliyokupigia ukiondoka. Lakini makalioni pamebaki nyuzi. Niliinua moja dirishani kuitazama, nikamwona jirani kupitia humo, naye akaniona, tukasalimiana.

Nauliza tu ili nijue kiraka cha kuweka. Na hewa ya kiunoni ni ya inchi ngapi?

Mto wa injinia huo, nimempa dereva. Mpe pole ya mgongo. Suruali nitazituma ukinijibu.

Mkeo,
Fundi

(Baba, mwalimu ameuliza unashikaje waya bila kuungua. Nimemwambia mikono yako imefanywa kwa raba. Ni kweli? Mimi Mkubwa.)


Kambini, 17 Machi

Mama Pacha,

Mke mwenye macho kama yako ni neema, ingawa wakati mwingine neema inachosha.

Jibu la makalio ni rahisi. Ni mtindo mpya wa kushuka. Zamani tulishuka kwa miguu hatua kwa hatua, tukipoteza muda. Siku hizi mtu anakaa kwenye chuma cha mshazari, anajiachia, anateleza hadi chini. Magoti hayaguswi kabisa. Unaona jinsi teknolojia inavyoendelea.

Inchi mbili. Andika tatu.

Injinia ameupenda mto. Amesema aliyeushona ana mikono ya dhahabu, na nimemwambia ndiyo, na ulimi wa chuma. Afya yangu usiwe na wasiwasi nayo. Kuna Mama Chai hapa kambini, anatutunza kuliko tunavyostahili. Kila asubuhi kikombe changu kinanisubiri, cha maziwa, sukari kama ninavyopenda, wala simwambii.

Haraka na suruali. Jua linawaka na mimi niko ndani ya koti la mvua. Watu wananiuliza kama nina habari za mvua ambazo wao hawana.

Kuna jambo zuri linanukia huku. Likiiva nitakwambia.

Mdogo ana mafua gani yanayomzuia mtu kuandika? Yameingia mkononi?

Mumeo,
Nyani


Nyumbani, 24 Machi

Baba Pacha,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye meza yangu ya kukatia.

Anayeteleza kwenye chuma suruali yake huisha kwa michirizi, kutoka juu kwenda chini. Hii yako imeisha kwa duara mbili, kushoto na kulia, kila moja kama sahani, ya kulia imezidi kidogo kwa sababu unapokaa huwa unaegemea kulia, hata kwenye kiti chetu cha sebuleni umepachimba hapo hapo. Mtu huyu hajateleza. Mtu huyu amekaa, na amekaa siku nyingi, na amekaa raha, maana wakati wa kukaa huko kiuno kimeongezeka inchi tatu.

Nilitaka kuamini ni benchi. Halafu nikageuza mifuko ya nyuma ili niifue. Unga wa sponji, Baba Pacha. Sponji ya njano. Benchi halina sponji. Jiwe halina sponji. Mnara wa umeme, nijuavyo mimi, hauna sponji. Kinachotoa unga wa sponji ni kochi lililochanika.

Nani ana kochi kambini? Nimejiuliza, nikarudi kwenye barua yako, nikamkuta Mama Chai na kikombe kinachosubiri na sukari ambayo huisemi. Mimi nimekupikia chai miaka yote hii na mpaka leo unaniambia ongeza.

Halafu ukanifanya nishone mto. Kwa mikono yangu. Wa kwenda kulainisha kochi la mwenzangu.

Suruali hazitoki hapa, ni ushahidi. Endelea na koti. Nimemwandikia Kamba, kwa kuwa yuko nawe hapo kambini, aniambie kinachoendelea, na asiponijibu nitapanda lori la maji mwenyewe nije nikae kwenye hilo kochi tuone linaingia watu wangapi.

Fundi


Kambini, 31 Machi

Dada yangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa mbali kidogo, ilikuwa ya moto. Punguza hasira. Hakuna kochi.

Kambi yetu yote ina viti viwili tu vyenye sponji. Kimoja kiko kwenye mashine ya kuvuta, mwisho wa laini. Kingine kiko kwenye mashine ya breki, mwanzo wa laini, ile inayoushikilia waya usiachiwe ovyo. Shemeji anakalia cha kwanza. Amekikalia tangu mashine zifike. Hajapanda mnara tangu mwaka uanze, dada. Upepo anausikia kwenye redio.

Nikueleze kazi ilivyo sasa, utaelewa hata chai. Mimi, mwenye mguu huu, ndiye ninayefika juu ya minara kabla ya wote, kwa sababu narusha kidege kisicho na rubani. Kinapita juu ya minara kikiburuta uzi mwembamba na kuulaza kwenye kapi. Uzi unavuta kamba, kamba inavuta kamba ya chuma, na kamba ya chuma ndiyo inayovuta waya wenyewe. Shemeji anavuta upande huu, mwenzake anazuia upande ule, na waya unapita hewani bila kugusa mti wala paa la mtu wala ile laini ya zamani yenye umeme iliyo jirani. Hakuna bega la mtu hapo katikati. Ule upuuzi wa genge zima kuvuta kwa wimbo, huku aliye juu ya mnara hajui walio nyuma ya kilima wanavuta saa ngapi, umekwisha. Ungekwisha mapema, mimi ningekuwa nanunua viatu vya kawaida.

Sasa chai. Mashine imekaa juu ya wavu wa chuma uliofungwa ardhini, na wavu umezungushiwa uzio. Waya ukipita karibu na laini yenye umeme unaweza kuuokota. Ikitokea hivyo, aliye ndani ya uzio yuko salama, aliye nje yuko salama, anayekufa ni mwenye mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kwa hiyo wakati wa kuvuta hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, na hakuna kupokezana kitu, hata kikombe. Mama Chai, ambaye ana umri wa kumzaa shemeji na hana mchezo hata kidogo, anaweka kikombe juu ya jiwe nje ya uzio. Shemeji anakitazama kikitoa mvuke. Anakitazama kikiacha kutoa mvuke. Anakitazama kikishika utando. Kama hayo ni mapenzi, dada, ni ya mateso.

Kwa nini anakudanganya? Aibu. Genge la zamani limempa jina, wanamwita Bibi Harusi, kwa sababu anakaa kivulini na mto. Ndiyo, mto ni wake. Na ajabu ni kwamba hakuna anayeiendesha ile mashine kama yeye. Injinia mwenyewe amemfundisha na sasa anamwachia, anasema ana mkono mtulivu.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Genge limepata kazi kwa kampuni nyingine, laini ya milimani, ambako bado wanavuta kwa mabega na kupanda kwa mikono. Wamemwambia shemeji, njoo uwe Nyani tena. Amekubali. Lori lao linaondoka mwishoni mwa wiki ijayo. Hilo ndilo jambo linalonukia.

Mimi nimemsihi nimechoka. Nimemwonyesha mguu. Ananiambia shemeji, wewe uliteleza. Sikuteleza. Nilivutwa, na yeye anajua.

Tafadhali usimwambie nimekwambia.

Mdogo wako,
Kamba


Nyumbani, 7 Aprili

Baba Pacha,

Sijaambiwa kitu na mtu yeyote. Fundi mzuri hahitaji kuambiwa.

Naanza na nililokuficha mimi, ili tuwe sawa. Mdogo hana mafua. Mkono wake wa kulia uko kwenye plasta. Walikuwa wanacheza Baba. Huo ndio mchezo wao: Mkubwa anashika kamba ya kuanikia nguo upande mmoja, Mdogo anapanda geti na upande wa pili, kwa mkono mmoja, kama ulivyoandika kwenye barua niliyowasomea mimi mwenyewe kwa sauti. Mkubwa alivuta kabla mwenzake hajajiandaa. Daktari anasema utaunga vizuri. Nilikuficha kwa sababu niliogopa ungesoma ukiwa juu ya mnara ukashtuka ukaachia. Nimeficha kuvunjika kwa mtoto ili usianguke kutoka kwenye kiti.

Nimecheka peke yangu kwa hilo, halafu nimelia, halafu nimewasha cherehani.

Nikuulize kitu. Mimi nakaa. Nimekaa kwenye kiti hiki mbele ya dirisha hili tangu tuoane. Sare za shule ya mtaa mzima nimezishona nimekaa, na ada ya pacha imetoka hapa nilipokaa. Hujawahi kuniita Bibi Harusi. Ama uliniita kimoyomoyo?

Na kuna kitu nakijua ambacho hao wenzako hawakijui. Kwenye cherehani yangu kuna kile kifungo kidogo kinachoshikilia uzi. Kikilegea, uzi unakunjamana chini ya nguo kama matumbo. Kikikazwa mno, unakatika. Kati ya kulegea na kukatika kuna mahali padogo, na mwanafunzi wangu wa mwaka jana hakupapata mpaka akaacha kazi. Mtu anayepapata mahali hapo kwa waya mzito kuliko gari, juu ya vichwa vya watu, mimi sioni cha kumwonea aibu. Namwonea fahari. Nilikuwa nangoja miaka yote nimwonee mtu fahari bila kushika kifua.

Sasa suruali. Nimeongeza kiuno inchi tatu na nimeacha kitambaa ndani kwa inchi ya nne, kwa ajili ya hewa. Magotini sikuweka kitu, huna kazi na magoti. Nyuma nimeweka kiraka kikubwa, mishono miwili, kitakachodumu kuliko sisi. Sikupata kitambaa cheusi. Nimekata pazia la sebuleni, yale maua mekundu uliyoyachagua wewe, na nimehakikisha kila upande umepata ua moja zima.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ni sawa, si lazima yeye alione. Mpanda mnara yuko juu na genge zima liko chini linatazama juu. Lakini mwenye kukaa kwenye kiti chake, maua yake hakuna anayeyaona, na mashine haina macho.

Suruali zote mbili ziko hivyo. Amua mwenyewe.

Mkeo,
Fundi


Kambini, 14 Aprili

Mama Pacha,

Sijui jina la Bibi Harusi umelipata wapi, ila shemeji siku hizi akiniona anageuza njia, na kwa mguu ule anageuza polepole sana, tunakuwa na muda wa kutazamana.

Nianze na Mdogo. Sehemu ile ya barua nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mimi ndiye niliyempandisha mtoto getini. Sikuwepo lakini ni mimi. Nisamehe, na umwombe naye anisamehe, na umwambie mikono ya baba yake si raba.

Sasa nikueleze yaliyotokea, kwa mpangilio, bila chumvi. Utaona ugumu wa kuandika bila chumvi.

Suruali zilifika Ijumaa. Nilipozikunjua nilihesabu maua manne. Halafu nilikasirika, nikasema kimoyomoyo, mwanamke huyu hanijui, nitakwenda na genge hata na maua yake. Nilizivaa, maana injinia alishakataza bukta karibu na mashine na koti nilikuwa nimeshalichoka. Begi langu nililipakia kwenye lori la genge, juu kabisa ya mizigo. Jumamosi asubuhi nikaenda kuvuta waya kwa mara ya mwisho, wao wakinisubiri barabarani wakiimba.

Nikaingia ndani ya uzio. Mama Chai akaweka kikombe juu ya jiwe. Nikaanza kuvuta.

Waya ulipofika bondeni, kwenye mnara ule ule niliokudanganya nao, nikaona mshale wa mzigo umejitingisha. Mshale huo uko mbele ya kiti, unaonyesha waya unavutwa kwa nguvu kiasi gani. Ukapanda kidogo. Sikuona kitu kingine chochote, Mama Pacha. Mnara uko ng'ambo ya kilima. Hakuna kelele, hakuna mtu aliyeita. Ni mshale tu umepanda unene wa kucha. Nikasimamisha mashine.

Redio ikauliza, ni sauti ya shemeji, "Kwa nini mmesimama?" Nikamwambia tazama juu. Akatazama. Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba kiungo cha kamba na waya kimekwama kwenye kapi na kapi limelala ubavu. Nikamwuliza wewe uko wapi. Akasema, chini yake. Alikuwa amesimama pale na biskuti mkononi, kidege chake miguuni.

Ungekuwa wakati wa mabega, tungeendelea. Genge lililo nyuma ya kilima halioni mshale. Kitu kikiwa kizito linaimba kwa nguvu zaidi. Tungeimba mpaka kapi likatoka. Ndivyo shemeji alivyoanguka mara ile, na nilikuwepo, na mimi pia nilikuwa naimba. Ndiyo maana huwa namwambia aliteleza.

Injinia akasema kwenye redio, "Nyani, rudisha kidogo." Nikarudisha kidogo. Shemeji akaondoka pale chini. Mtu akapandishwa kwa kikapu cha kreni, akalinyoosha kapi, akashushwa. Injinia akasema, "Asante, endelea." Nikaendelea. Basi. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna kilichotokea.

Lakini mimi nilikuwa natetemeka kwenye kiti. Miguu yote miwili. Juu ya minara sijawahi kutetemeka hata siku moja, na pale nimekaa kwenye mto wa mke wangu meno yanagongana, na siruhusiwi kutoka hadi waya ufike, na chai iko kule juu ya jiwe inanitazama. Ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa.

Waya ulipofika nikafungua uzio, nikanywa chai yote, baridi, pamoja na utando wake. Kisha nikaenda kwenye lori la genge kuchukua begi langu.

Begi lilikuwa juu kabisa ya mizigo. Nikapanda.

Sitakueleza kwa urefu. Mnyapara wao akakaa chini barabarani, kwa sababu kusimama kulimshinda. Mmoja akaniuliza kama yanahitaji kumwagiliwa. Wameniacha na jina jipya, sasa naitwa Bustani, na waliondoka wakilitungia wimbo. Niliwapungia mkono mpaka lori likapotea. Naomba wafike salama. Wana mabega mazuri na hakuna mmoja wao mwenye mshale.

Nimebaki. Injinia amenipa na mashine ya pili niwafundishe watu.

Tatizo ni pacha. Sasa utawaambia nini? Nimejaribu kuwaandikia nimeshindwa. Baba alikaa, akaona mshale umepanda unene wa kucha, akasimamisha mashine, hakuna kilichotokea. Hiyo si hadithi. Hata mimi mwenyewe ningelala.

Mumeo,
Bustani


Nyumbani, 21 Aprili

Baba Pacha,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mara ya kwanza tangu nikujue.

Ile habari ya kuimba nimeielewa. Nimemwandikia Kamba, nimemwambia umekiri mwenyewe kwamba hakuteleza. Anakusubiri uache kugeuza njia. Anadai ni wewe unayegeuza.

Kuhusu pacha. Niliwasomea yote kama ulivyoandika. Kwenye mshale wakasogea karibu. Kwenye biskuti wakashikana. Nilipofika hakuna kilichotokea, Mkubwa akauliza, "Halafu?" Nikamwambia halafu baba akanywa chai ya baridi. Mdogo akasema, "Hata mjomba hakuumia?" Nikasema hata mjomba. Akautazama mkono wake kwenye plasta, akasema, "Mkubwa hana mshale."

Nikadhani yameishia hapo. Jioni nikatoka nje kuanua nguo, nikakuta kiti changu cha kushonea kiko uani. Mkubwa amekikalia, amewekewa mto. Kamba ya kuanikia imepitishwa juu ya geti kwa fimbo ya ufagio, hakuna aliyepanda. Upande wa pili Mdogo amekaa chini, anaizuia kwa mkono mzima, anaiachia kidogo kidogo, na katikati inapita soksi moja yako, hewani, haigusi chini. Wamezungushia kiti uzio wa viatu, vyote vya nyumba hii, hadi vyangu vya kutokea.

Nilikuwa na kikombe cha chai, nikataka kumpa. Mkubwa akasema bila kugeuka, "Mama, usivuke. Weka kwenye jiwe."

Dirishani hakuna pazia, jirani anaona kila kitu, utaleta kitambaa ukirudi. Nikaweka kikombe kwenye jiwe, nikasimama nje ya viatu, nikangoja soksi ifike.

Mkeo,
Fundi